Mzee Jagari Jukwaani: Bendi Iliyobakiwa na Mmoja

Kazi yangu hapa London ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Asubuhi naenda kwa huyu, mchana kwa yule. Nawasaidia kuamka kitandani, kuoga, kuvaa soksi, kumeza dawa. Kwa hiyo mtu akinitajia umri wa mzee, kichwani mwangu haiji sura, yanakuja magoti. Miaka 70 na kitu kwangu mimi ni mtu anayeshika kwanza ukuta ndipo ashushe mguu kwenye ngazi. Nasema hivi ili mjue nilikwenda na macho ya namna gani jioni ile niliyokwenda kumtazama Emmanuel Chanda, yule ambaye Zambia nzima inamwita Jagari, akiwa na bendi ya WITCH.

Ilikuwa miezi michache baada ya albamu yao ya Zango kutoka, mwaka 2023. Ukumbi haukuwa mkubwa, na vijana walijaa hadi mlangoni. Wengi wao walikuwa Wazungu wa umri wa miaka 20 na kitu, fulana zimeandikwa majina ya bendi zilizokufa kabla mama zao hawajaolewa. Sisi Waafrika tulikuwa wa kuhesabika. Nilisimama karibu na nguzo, kando ya dada mmoja aliyenisalimia kwa Kibemba. Nilipomjibu kwa Kiswahili alicheka akasema, aa, jirani. Yeye wa Kitwe, mimi wa Mbeya. Kwa hesabu za London, hao ni watu wa kijiji kimoja.

Kabla sijaondoka nyumbani nilikuwa nimempigia simu mjomba wangu aliyeko Mbeya, kumwambia usiku huu naenda kumwona Jagari. Kimya kikawa kirefu nikadhani mtandao umekatika. Halafu akauliza swali moja tu: "Anapata pumzi?"

Nikamwambia nitamletea jibu.

*

Ili mtu aelewe kwa nini mjomba aliuliza vile, inabidi turudi nyuma kidogo.

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, na ilizaliwa na utajiri ambao majirani zake tuliutazama kwa kijicho. Ilikuwa na shaba. Zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya nje ya nchi ile yalitokana na madini hayo. Miji ya ukanda wa shaba kama Kitwe, Ndola, Mufulira na Luanshya ilikuwa na umeme, mishahara, kumbi za starehe za wafanyakazi wa migodini na maduka ya santuri. Mtoto wa mchimba madini aliweza kumsikia Jimi Hendrix, Rolling Stones, Deep Purple na James Brown sebuleni kwao. Akimsikia, anataka gitaa. Na kulikuwa na uwezekano wa kulipata.

Hapo ndipo zilipozaliwa bendi ambazo leo dunia inaziita za Zamrock, yaani roki ya Zambia. WITCH ndiyo iliyovuma kuliko zote. Jina lile watu husoma haraka wakadhani ni mambo ya uchawi, na bila shaka vijana wale walifurahia kudhaniwa hivyo. Lakini herufi zake zinasimama badala ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tunakusudia kuleta vurugu". Mwimbaji wao, Chanda, aliitwa Jagari kutokana na Mick Jagger wa Rolling Stones, ila jina limetiwa irabu mwishoni mpaka likawa la kwetu. Napenda sana kitu hicho. Watu hawakumwita "Jagger mdogo". Walilichukua jina la Mwingereza wakalifanyia kile ambacho lugha zetu hufanya kwa kila mgeni: wakampa irabu, wakamkaribisha ndani.

Kikosi kile cha miaka ya 70, mbali na Jagari, kilikuwa na Chris Mbewe na John Muma kwenye magitaa, Gedeon Mulenga kwenye besi, Paul Mumba kwenye kinanda, na Boidi Sinkala kwenye drams. Naomba msomaji uyashike majina hayo matano. Nitayarudia.

Maonyesho yao yalikuwa marefu ajabu. Walianza jioni saa moja na kumaliza saa nane za usiku. Hakukuwa na bendi tatu za kupokezana, ni wao wenyewe muda wote. Jagari hakuwa mtu wa kusimama mbele ya maikrofoni. Aliruka, alicheza, alipanda na kushuka, na polisi waliitwa kuzuia watu.

Mjomba wangu aliyaona haya. Alikuwa kijana fundi wa reli, mmoja wa wale Watanzania waliopelekwa Mpika, upande wa Zambia, wakati TAZARA inaanza. Reli ile yenye urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Vitabu vya shule vinatwambia ilijengwa ili shaba ya Zambia ipate njia ya baharini bila kupita Rhodesia na Afrika Kusini za makaburu. Ni kweli. Ila vitabu havisemi kwamba reli hubeba na vitu vingine. Mjomba alirudi likizo na suruali pana kama sketi, viatu vya kisigino, na santuri moja ya WITCH, Lazy Bones!! ya mwaka 1975. Bibi yangu aliiona ile suruali akauliza kama Zambia vitambaa vinagawiwa bure.

*

Wakati Zambia ikifanya hayo, upande wetu hali ilikuwa tofauti, na hapa historia inanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja.

Kaunda na Nyerere walikuwa marafiki, wote wajamaa kwa namna yao, wote wakitaka utamaduni wa taifa. Lakini angalia kila mmoja alivyofika hapo. Kwetu, Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 vita vikatangazwa dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Novemba mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Kwa maneno mengine, serikali ilitazama kile ambacho vijana walikuwa wanakipenda, ikakifungia mlango.

Zambia nayo, katikati ya miaka ya 70, ilipata amri kutoka kwa Rais Kaunda: asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Kizambia. Ukiisoma haraka unaona ni amri ileile ya kuwafukuza wageni. Lakini matokeo yake yalikwenda njia nyingine. Redio iliyolazimishwa kupiga muziki wa nyumbani ilihitaji muziki wa nyumbani, na vijana waliokuwepo tayari na magitaa mkononi walikuwa ni hawa wa roki. Amri haikusema muziki wa Kizambia lazima uwe wa aina gani. Kwa hiyo gitaa linalokwaruza kama msumeno, likipigwa na Mbemba wa Kitwe, likahesabika kuwa utamaduni wa taifa.

Sitaki kumfanya Kaunda malaika. Tangu Desemba 1972 nchi ile ilikuwa ya chama kimoja, na wanamuziki walijua mipaka yao. Ila ninapomsikia mtu akisema Mwafrika anayepiga roki anaiga, huwa namkumbuka yule mtangazaji wa Lusaka aliyekuwa akiipiga kwa amri ya dola.

Na sisi Tanzania tusijidharau kabisa. Dar es Salaam ilikuwa na Sunburst, bendi iliyochanganya roki, soul na midundo ya nyumbani. Wangapi kati yetu tunaowajua? Albamu yao, Ave Africa, waliirekodi mwaka 1976, na hawakuirekodia Dar. Waliirekodia Zambia. Njia ileile aliyopita mjomba kwa treni akitafuta kazi, wao walipita wakitafuta studio. Rekodi zao zilirudishwa sokoni mwaka 2016 na lebo ya Strut ya London. Mimi Mtanzania niliwajua kupitia dirisha la duka la santuri la hapa. Nilisimama pale baridi inanikata masikio, nasoma jina la Dar es Salaam kwenye jalada, nikaona aibu ambayo mpaka leo sijaipatia jina.

*

Utajiri wa shaba haukudumu. Bei ya mafuta ilipanda baada ya 1973, bei ya shaba ikaporomoka kuanzia 1975, na mpaka wa Rhodesia ulikuwa umefungwa. Zambia iliwahifadhi wapigania uhuru wa nchi za kusini na ikalipa gharama yake kwa mabomu na mashambulizi. Kukawa na marufuku ya kutembea usiku. Sasa fikiria bendi iliyozoea kupiga mpaka saa nane za usiku. Maonyesho yakahamia mchana. Kisha zikaja kanda za kurudufu, ambapo mtu mmoja ananunua na mia wananakili. Jagari aliiacha bendi, akasomea ualimu na kufundisha muziki. WITCH iliendelea bila yeye, ikageukia disko, na Patrick Mwondela akaingia kwenye kinanda. Mwaka 1984 walitoa albamu ya Kuomboka, kisha kimya.

Halafu ukimwi. Kisa cha kwanza Zambia kilitangazwa mwaka huohuo wa 1984. Wanamuziki ni watu wa safari na usiku, na ugonjwa ule uliwapitia kama moto kwenye nyasi kavu. Yale majina matano niliyokuomba uyashike: Mbewe, Muma, Mulenga, Mumba, Sinkala. Wote wametangulia. Katika kikosi kile cha kwanza amebaki Jagari peke yake.

Yeye aliokoka, akaenda porini kuchimba vito, na kwa miaka mingi ndivyo alivyoishi, na sururu mkononi. Nje huko watoza santuri walikuwa wananunua nakala za zamani za WITCH kwa mamia ya dola. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 lebo ya Now-Again ya Marekani ikatoa upya kazi zao za miaka ya 70. Baadaye mwongozaji filamu wa Kiitaliano, Gio Arlotta, akasafiri mpaka Zambia kumtafuta, na filamu yake kuhusu bendi ikatoka mwaka 2019. Kutokana na safari hiyo ndipo jukwaa likafunguka tena.

*

Sasa turudi ukumbini.

Taa zilizimwa, vijana wa bendi wakaingia kwanza. Kwenye besi alikuwa Jacco Gardner, Mholanzi mwembamba ambaye hakuwa amezaliwa WITCH ilipotoa albamu yake ya mwisho ya zamani. Kwenye kinanda, Mwondela mwenyewe, mtulivu, mikono inakwenda kama mtu anayepepeta mchele. Walianza mdundo wakauzungusha, wakauzungusha. Mimi moyo unanidunda. Nilijua kinachofuata ni mlango kufunguka na mzee kutoka, na nilikuwa nimekwisha amua kumhurumia. Ndiyo, nakiri. Nilikwenda na huruma yangu mfukoni kama mtu aliyebeba leso.

Akatoka. Kofia ya rangi kali, joho linalometameta. Na hakutembea, we acha tu, alitoka anacheza. Mabega yanakwenda huku, kiuno kule, mguu mmoja umenyanyuka. Macho yangu ya kazini yalikimbilia magotini. Nilitafuta kile kituo kidogo ambacho wazee huwa nacho kabla ya kubadilisha mguu. Kilikuwepo. Ila alikuwa amekificha ndani ya mdundo! Pale ambapo mwili wake uliomba kupumzika, yeye alipafanya kuwa pozi: anasimama, anawatazama watu, anatabasamu, watu wanapiga kelele, mdundo unamkuta tayari. Nimewahudumia wazee miaka tisa sijaona ujanja mzuri kama ule.

Na sauti? Nisiwadanganye. Sauti ya juu ya kwenye santuri ya mjomba haipo tena. Kuna mahali ambapo kijana wa 1975 alipanda, na mzee huyu alipafikia kwa kupita chini, akasema maneno badala ya kuyaimba. Kuna wimbo mmoja alianza mapema kidogo, bendi ikamngoja kwa heshima mpaka wakakutana. Waimbaji wawili wa kike kutoka Zambia, Hanna Tembo na Theresa Ng'ambi, walikuwa wanaingia chini ya sauti yake kila ilipotaka kupungua, kama watu wanaomshika mzee kiwiko bila kumwonyesha kwamba wamemshika. Hiyo kazi naijua, ndiyo inayonilisha.

Jibu la mjomba basi nilikuwa nalo. Pumzi anapata, lakini anaikopa.

Katikati ya onyesho ikaja nyimbo za zamani, na hapo ndipo jambo lililonisukuma niandike makala haya lilipotokea. Mpiga gitaa kijana alikuwa anapiga solo ambayo asili yake ni ya Chris Mbewe. Aliipiga vizuri sana, noti kwa noti. Jagari alisogea pembeni akamgeukia, mgongo nusu kwetu. Alikuwa anatikisa kichwa kufuata kitu. Baada ya muda nikagundua kwamba hafuati anachokipiga yule kijana, alikuwa anakitangulia. Kichwa kinatikisika kabla noti haijafika. Alikuwa anaisikiliza solo nyingine, ile ya Kitwe, na hii ya ukumbini ilikuwa inaikimbiza kwa nyuma.

Vijana walikuwa wanarukaruka. Dada wa Kitwe kando yangu alikuwa amesimama wima, mikono kifuani. Akaniambia, bila kunitazama, kwamba baba yake aliwajua wote. Hakusema zaidi. Nami sikuuliza, maana kwa kizazi kile, Zambia na Tanzania, ukiuliza "wote wako wapi" unajua utakachojibiwa.

Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba mwanamuziki mkongwe akipanda jukwaani, swali ni kama bado anaweza. Magazeti nayo huuliza hivyo kuhusu Mick Jagger wa kweli, aliyezaliwa 1943 na bado anaimba viwanjani. Lakini Jagger ana Keith Richards kando yake. Wakigombana kuhusu mwaka fulani, kuna mtu wa kubisha. Jagari hana wa kumbishia. Akisema wimbo ulikuwa hivi, basi ulikuwa hivi. Kumbukumbu ya watu sita imehamia kichwani kwa mmoja, na huyo mmoja anaizungusha dunia nzima akiwa na vijana ambao walijifunza kila kitu kwa kusikiliza santuri. Nilimwonea fahari, na nilimwonea upweke wake.

*

Kuna watu, na baadhi ni rafiki zangu, wanaosema maonyesho haya ni Wazungu kujinunulia Afrika ya zamani iliyo salama, isiyo na deni. Nimelifikiria sana hilo, maana ukumbi ule kweli ulijaa wao. Sina jibu la kulifunga. Ninachoweza kusema ni hiki: Zango haikutengenezwa London. Waliirekodi Lusaka, kwenye DB Studios, studio ileile ya enzi za Zamrock, na ndani yake yumo Sampa the Great, msanii kijana aliyezaliwa Zambia, akiimba na mzee anayeweza kuwa babu yake. Kwa hiyo hata kama pesa ya tiketi ni ya Ulaya, kuna uzi uliorudishwa nyumbani.

Swali linaloniuma zaidi linatuhusu sisi. Tunalaumu kwamba wageni ndio wanaowafufua wakongwe wetu. Haya, sisi tumewafanyia nini wale ambao hata kufufuliwa hawahitaji, kwa sababu hawajalala? Msondo Ngoma ilianza kama NUTA Jazz mwaka 1964, mwaka uleule wa uhuru wa Zambia. Bado inapiga Dar es Salaam, watu wanakunywa bia zao wanacheza, wanarudi nyumbani. Muhidin Gurumo aliimba pale na Sikinde kwa takriban nusu karne, akafariki Aprili 2014. Niulize mimi niliyekulia nchini humo: nilimwona mara ngapi? Mara moja, harusini, na nilikuwa nazungumza na mtu wakati anaimba. Hata nguo aliyovaa siikumbuki. Ya Jagari nimewaelezea mpaka kofia.

Sisi wapenzi wa fasihi ndio tunapaswa kusikia aibu hii kwanza. Tunachambua riwaya mpya kila mwezi. Lakini watu walioyabeba mashairi ya Kiswahili mpaka kwenye vilabu vya pombe, wakayafanya yachezwe, wengi wanakufa bila kuandikiwa hata kurasa kumi na mtu aliyewahi kuwaona. Onyesho la muziki likishaisha halibaki popote isipokuwa kwa aliyekuwepo. Kama aliyekuwepo haandiki, basi ni kama kwamba taa hazikuwashwa.

*

Onyesho lilipoisha nilitoka nje nikampigia mjomba. Mbeya ilikuwa saa nane za usiku kupita, na nilijua hajalala. Nikampa jibu: pumzi anapata, lakini anaikopa kwa wenzake wanaomzunguka. Akacheka. Kisha akauliza, "Na wenzake wale wa kweli?" Nikamwambia. Alikuwa hajui. Miaka yote hiyo mjomba alidhani wako Zambia wamestaafu, wanafuga kuku kama yeye. Akayataja majina matatu, akanyamaza, halafu akasema, "Haya, mpwa wangu, ulale."

Desemba iliyofuata nilikwenda nyumbani. Kuna jambo kuhusu mjomba ambalo tunalijua wote katika familia na halizungumzwi: yeye naye alipiga gitaa la rizimu kwenye bendi ya vijana wa reli, miaka mitatu, mpaka vyombo vilipouzwa. Ile santuri ya WITCH ndiyo iliyokuwa mwalimu wao. Walikuwa na nyimbo zao wenyewe kama kumi hivi. Hazikurekodiwa popote. Kwenye ile bendi walikuwa watano na kwa sasa, kama ulivyokwisha kisia, amebaki yeye.

Nikamwekea simu mezani, juu ya kitambaa cha kufuma cha shangazi, nikamwomba aniimbie mojawapo. Alikataa siku mbili. Siku ya tatu, baada ya chai, akaazima gitaa la kwaya ya kanisani, akalilegeza nyuzi, akalikaza tena, akalalamika kwamba waimba kwaya hawajui kutunza kitu. Kisha akaanza. Ubeti wa kwanza aliukumbuka wote. Wa pili akaukumbuka nusu, akaujaza kwa kuvuma mdomo. Kwenye kiitikio palikuwa na sauti mbili, akaniambia hii ilikuwa ya fulani, marehemu, na akaiimba ile ya fulani badala ya yake mwenyewe. Alipotaka kupanda juu, kifua kikakataa. Akakohoa. Akaweka kiganja juu ya nyuzi.

"Zima kwanza," akasema.

Nikazima. Shangazi akaleta maji. Tulikaa kimya kidogo, kuku wanapita mlangoni. Akanywa, akafuta mdomo, akalipakata tena lile gitaa la watu.

"Haya, washa."